Mchanga wenye tope: usiamini hesabu ya kwanza

Mwaka wangu wa kwanza kazini, nikisoma vipimo vya visima vya mafuta, nilifuta mita tisa za mafuta kwa kikokotoo. Nilitumia fomula ya Archie ya 1942, inayokadiria maji ya mwambani kutokana na ukinzani wa mwamba kwa umeme, nikapata maji asilimia 81, nikaandika "maji" pembeni, nikaenda kula. Tabaka lile lilipojaribiwa, yakatoka mafuta. Mkubwa wangu hakunifokea. Aliibandika karatasi yangu ukutani, ikakaa miezi.

Sasa niko Kisumu, na vijana wanaosomea jiolojia huniletea kosa lile lile kwenye laptopu. Mmoja nilimpeleka uani, tukatoboa ndoo mbili chini: moja mchanga wa mto Nyando, nyingine udongo mweusi wa Ahero. Tukamwagia maji sawa. Mchanga uliyaachilia karibu yote. Ule wa Ahero ukatoa matone, mengine ukayang'ang'ania. Tope la mwambani ndivyo lilivyo. Maji yaliyoshikwa hayatoki, lakini yanapitisha umeme, kwa hiyo ukinzani unashuka hata palipo na mafuta. Fomula ya Archie ni ya mchanga safi.

Anza na porositi, yaani sehemu ya mwamba iliyo vitundu vitupu. Kipimo cha densiti kikisoma 2.35 (gramu kwa sentimita ya ujazo), chembe zikiwa 2.65 na majimaji 1.0, unapata asilimia 18.2. Kipimo cha nyutroni hapo hapo kinasema 27, maana kinahesabu hidrojeni yote, hata ya maji yaliyofungwa kwenye mfinyanzi. Usichukue wastani! Tuseme tope ni asilimia 30, na tope tupu la jirani linasoma 9 kwa densiti na 36 kwa nyutroni. Toa asilimia 30 ya somo la tope tupu kutoka kila kipimo: zinabaki 15.5 na 16.2. Zikikutana hivyo, endelea.

Kisha weka fomula ya Simandoux, inayolihesabu tope pia, mahali pa Archie. Porositi 16, ukinzani omu-mita 6, wa maji ya tabaka 0.1, wa tope 3: ile 81 inashuka hadi 63. Na katika hizo 63, nyingi huenda ni za ndoo ya Ahero.

Kinachonisumbua hadi leo ni kiasi cha tope chenyewe. Wengi hutegemea gama, kipimo cha mionzi ya asili ya mwamba, peke yake. Ukipata data za Turkana, ambako kisima cha Ngamia-1 kilipata mafuta 2012, kumbuka kwamba madini ya feldspa yenye potasiamu hupandisha gama hata kwenye mchanga usio na tope. Silti, chembe ndogo kuliko za mchanga, nayo hudanganya kinyume: ni madini ya kwatzi tupu karibu yote, gama inanyamaza, ilhali vitundu vyake vidogo vimejaa maji. Mimi hupima tope kwa gama, kisha kwa pengo la nyutroni na densiti, nikachukua jibu dogo. Kukiwa na kipande cha mwamba maabara, hicho kinanishinda bila ubishi.