Amplifaya ya Zamani Haiamshwi kwa Pupa

Juzi nimemkuta kijana wangu hapa karakana yetu ya Chikongola, Mtwara, ameng'oa kapasita zote (vile vidude vinavyotunza chaji ya umeme) za amplifaya moja ya miaka ya sabini, hadi za kauri, kazirundika mezani kama maganda ya korosho. Hakupiga hata picha. Wanangu, nimelisema hili mpaka koo limekauka, leo naandika.

1. Zinazokauka ni kapasita za elektroliti, zenye majimaji ndani, hasa zilizo jirani na rizista za moto. Kila joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, umri wake hupungua karibu nusu, na Mtwara hii mnaijua. Iliyovimba kichwa au kuvuja haihitaji mita. Mvumo usiopungua hata ukishusha volyumu, anzia kapasita kubwa za pawa. Za kauri na za filamu ziacheni.

2. Toa moja, weka moja. Volti ileile au zaidi. Hasi na chanya, tazama mara mbili.

3. Chombo kilicholala miaka usikichomeke moja kwa moja ukutani. Msimu mmoja wa korosho, mzee wa Mikindani aliniletea risiva yake, yaani redio yenye amplifaya ndani, imekaa stoo miaka mingi. Aliinunua kwa pesa ya korosho, na ndiyo iliyopiga muziki siku alipowaoza binti zake. Alitaka nisafishe volyumu tu, inakwaruza. Nilipofungua nikaona penye fyuzi pamefungwa waya. Niliuona kabisa. Nikasema nitautoa baadaye, ngoja nisikie sauti kwanza.

Elektroliti ikikaa sana bila umeme, utando wake wa ndani hudhoofika. Kapasita ikashoti, dayodi zikafuata, na kwa kuwa waya haukatiki kama fyuzi, mzigo wote ukaishia kwenye transfoma. Harufu ile ya vanishi inayoungua ninayo puani hadi leo. Mzee alipokuja nilimweleza kila kitu. Akapapasa kifuniko, akasema, "Haya, mwanangu." Niliisuka transfoma ile upya kwa mkono, nikihesabu mizunguko, miezi miwili. Muda wote huo akipita ananisalimu vizuri, haiulizii risiva. Bora angenifokea.

Kwa hiyo: fyuzi sahihi, kisha balbu ya zamani ya waya wa ndani, wati 60, kwa mfululizo, yaani umeme upite kwenye balbu ndipo ufike kwenye chombo. Ikimulika ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, chomoa.

4. Chaji iliyobaki kwenye kapasita toa kwa rizista, si kwa bisibisi, kisha pima.

Kesho asubuhi nakaa na huyu kijana na mchoro wa saketi. Tutapima moja moja, na zilizo nzima zitarudi zote mahali pake, hata ikituchukua siku tatu.