Bamia za uani zimeshikwa na vidukari: jaribu mwarobaini

Dada yangu, waalaikumu salaam. Umesema bamia zako hapo Lamu majani yamejikunja, chini yananata na chungu hawaishi kupanda shina. Hao ni vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa majani. Chungu wanafuata ule utamu wanaoutoa, na huwalinda wasiliwe.

Mwarobaini haukosekani mtaani kwenu. Okota kokwa zilizokauka, si majani, maana nguvu iko zaidi kwenye kokwa. Zimenye, twanga kinuni gramu 50 kwa kila lita ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa cha kanga kuukuu ili bomba la kunyunyizia lisizibe. Tia kijiko kidogo cha sabuni ya maji ishike kwenye jani.

Sasa maji: usitumie ya kisima. Yana chumvi, sabuni haitoi povu na majani yataungua kingo. Teka ya mvua kutoka jabiani, lile birika la kuhifadhia maji. Mimi niliharibu tuta zima la mchicha kabla sijalijua hilo, na bado naumia nikilikumbuka.

Nyunyiza jioni, jua huivunja dawa haraka. Geuza kila jani, wadudu wako chini. Jaribu kwanza majani mawili, ungoje siku moja. Rudia baada ya siku saba, na tengeneza mpya kila mara. Ukiona wadudu wadogo wa duara, wekundu wenye madoa meusi, waache kabisa, wanakula vidukari. Bamia ulizochuma zioshe vizuri kabla ya kupika.