Jibu: Hicho kidole kiweke mfukoni kwanza

Dada, hiyo barua ya kuacha kazi usiipeleke. Uzi wako sijaumaliza, nimeanza kuandika kwa sababu naona unakoelekea. Unasema Biblia imekukauka, ladha imekwisha, na mtumishi mmoja amekufundisha "kusoma kwa matarajio": alfajiri unafumba macho, unafungua popote, unaweka kidole, na mstari kitakaouangukia unaukiri kuwa wako. Kidole kimeangukia Mwanzo 12, "Toka wewe katika nchi yako," basi unaacha kazi ya hoteli Bamburi ukafungue duka Malindi.

Nami nilifundishwa hivyo hivyo. Kidole changu kiliangukia Yoshua 1:3, pale Mungu anapowaambia kila mahali nyayo zao zitakapokanyaga amewapa. Na wakati huo huo broka alikuwa ananionyesha ploti nyuma ya Mtwapa. Unaona mambo yanavyojipanga? Nikaenda na viatu vya Jumapili, nikaizunguka nikikemea kwa sauti. Majirani walinidhania mpima ardhi aliyerukwa na akili. Mbuzi wa watu wakanifuata nyuma, mimi nikaona hilo ndilo jeshi langu. Nikatoa arubuni kwa pesa nilizokopa chamani. Ofisi ya ardhi sikwenda kuangalia hati ina jina la nani, maana tulifundishwa kwamba ukishapata neno, kuuliza maswali ni kukosa imani. Hati ilikuwa na jina la mtu ambaye broka hata hamjui. Simu ya broka haipatikani mpaka leo. Deni la chama nimelilipa kidogo kidogo, na mke wangu ananiita Yoshua mbele ya wageni.

Nilipomrudia yule mwalimu wetu unajua aliniambia nini? "Ulikanyaga kwa mashaka." Yaani kosa ni la miguu yangu! Sadaka ya shukrani ya ploti alikwisha kuipokea, na hiyo hakuiona na mashaka yoyote. Watu hawa wanachukua kitabu kikubwa hivi wanakifanya tikiti ya bahati nasibu, halafu ukikosa wanakulaumu wewe uliyekwangua.

Hasira ilinizidi siku nilipoketi nikakisoma kitabu chenyewe cha Yoshua, kuanzia juu. Ningeendelea sura nne tu! Sura ya 5, Yoshua yuko karibu na Yeriko, anainua macho, anamwona mtu amesimama na upanga uliofutwa mkononi. Anamuuliza, wewe uko upande wetu au wa adui zetu? Na yule mtu anajibu: La. Hebu soma tena hapo. Huyu ndiye aliyeahidiwa nchi, anauliza swali lenye majibu mawili, na halipewi hata moja. Anaambiwa tu kwamba aliyesimama mbele yake ni amiri wa jeshi la Bwana. Yoshua anaanguka kifudifudi. Anauliza bwana wangu aniambia nini mimi mtumishi wake, nadhani akitegemea mipango ya vita, kumbe amri inayokuja ni avue viatu, kwa kuwa anaposimama ni patakatifu. Miguu ile ile, dada! Sura ya 1 imepewa nchi ya kukanyaga, sura ya 5 inavuliwa viatu. Nilisisimka mwili. Ploti nikaisahau kabisa, na chai ikapoa. Miaka yote hiyo nilikuwa nautafuta mstari wenye jina langu, kumbe huyo wa upanga alikuwa kasimama hapo kurasa chache mbele.

Kwa hiyo mimi nina sharti moja tu: anza juu, soma mpaka habari iishe, na usiulize "langu ni lipi" mpaka ukutane na kitu ambacho hukukitarajia. Ukikipata, simama hapo. Hata kama ni mistari sita tu siku hiyo. Zaburi 119:18 mwandishi anaomba afumbuliwe macho ayatazame maajabu ya sheria. Wewe umeambiwa uyafumbe.

Kuhusu toleo la Biblia uliloulizia, mimi nina Union Version ya 1952, iliyochakaa. Mengine uliyouliza wenzangu watajibu.

Na huyo Abrahamu wako wa Mwanzo 12 usimwache mstari wa kwanza. Mstari wa 10 tu, nchi aliyoonyeshwa imeingia njaa naye anateremkia Misri. Kisha mfuate mpaka sura ya 23. Sara amefariki, anatafuta pa kumzika ndani ya nchi ile ile aliyoahidiwa. Efroni, mwenye shamba, anamwambia chukua bure. Mzee anakataa, anampimia shekeli 400 za fedha mbele ya wenyeji langoni pa mji, na mipaka inatajwa, na pango, mpaka miti iliyomo shambani. Laiti ningesoma hilo kabla ya kumpa yule broka mkono! Wewe lisome leo usiku, barua ikingoja humo humo kwenye simu, kisha rudi hapa utuambie umesimama mstari gani.