"Hand" si mkono kila mara

Pole ndugu, ila umenichekesha: bosi kasema "give me a hand", wewe ukampa mkono umsalimie! Alikuwa anaomba umsaidie. Mimi nilinaswa na "give her a big hand" kwenye mahafali; wenzangu wanapiga makofi, mimi naangaza macho nani anasalimiwa.

Usitafsiri neno peke yake, andika sentensi nzima daftarini. "Old hand" ni mzoefu wa kazi. Mtu akikuambia "My hands are tied", hana mamlaka ya kukusaidia, usimbembeleze. "Second-hand" unaijua, mtumba huo.

Ila ukikuta "change hands" kwenye mkataba, hapo mali inabadili mmiliki. Usibahatishe, mwone mwanasheria kabla hujasaini.