Mama ana saratani ya titi, aache uji wa soya? Yaliyotukuta sisi

Pole sana dada uliyeuliza kama mama aache uji wa lishe kisa jirani kamwambia soya inalisha kansa. Hilo lilitutesa hapa Mwanza, mama mdogo wangu wa Igoma alitolewa titi akaandikiwa tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni ya estrojeni isilishe saratani, kila siku miaka 5, na uji wa soya, ulezi na karanga ndo ulikuwa unamshikilia maana chakula kingine hakipandi.

Iko hivi, soya ina kitu kinaitwa jenisteini, kinafanana na homoni ya estrojeni kwa hiyo kinaweza kukaa kwenye siti yake ndani ya seli. Chukulia seli ni daladala na kuondoka ndo kuongezeka kwake, estrojeni akipanda gari linaondoka mbio, jenisteini akipanda linaondoka kwa kujivuta, tamoksifeni anakalia siti ili lisiondoke kabisa.

Jirani hajatunga. Kuna seli za saratani ya titi zinaitwa MCF-7, zilitoka kwa mgonjwa mmoja Marekani, maabara wanazitumia tangu 1973. Wakiziwekea jenisteini kidogo zinaongezeka, wakizidisha sana zinadumaa. Na panya waliotolewa ovari wakapandikizwa seli hizo, jenisteini ilikuza uvimbe tena ikaivunja nguvu tamoksifeni.

Ila seli ya kwenye kisahani sio mama yako. Kule Shanghai walifuatilia wanawake zaidi ya 5,000 waliougua saratani ya titi, matokeo yakatoka 2009, waliokula soya nyingi kwenye chakula cha kawaida ndo waliofariki wachache na ugonjwa ukawarudia wachache, hata waliokuwa wanameza tamoksifeni.

Kilichonitisha mimi ni vidonge. Mama mdogo alikuwa anapandwa na joto usiku mpaka shuka zinalowa, muuza virutubisho akamuuzia kopo la soya iliyokamuliwa ikawekwa kwenye vidonge, eti ni asili haina madhara. Nilikuja kulikuta chini ya mto limebaki nusu, na pakti ya tamoksifeni iko pembeni, vidonge vya siku nne havijaguswa, kwa sababu aliamini ndizo zinamletea joto na kopo linatosha. Nililia aisee. Tukabeba lile kopo mpaka kliniki, daktari akasoma maandishi ya nyuma akaliweka upande wake wa meza, akasema mama uji kunywa, hivi acha, dawa rudia leo leo, na hilo joto tutalitafutia njia.

Sasa ni mwaka wa tatu, kikombe cha uji kila asubuhi. Dada, uji muachie mama, ila leo kaa nae umuulize taratibu bila kumfokea anameza nini kingine, na hiyo pakti ihesabu mwenyewe.