Programu ya uhakiki imepitisha, mbona taa zimeganda?

SWALI: Nimeandika programu ya kuongoza taa za njia panda. Programu ya uhakiki ilikagua hali zote za modeli yangu, yaani maelezo rasmi ya jinsi taa zinavyofanya kazi, ikasema masharti yote mawili yametimia. Tulipoiwasha kwenye mtambo, pande zote zilibaki nyekundu. Je, programu ya uhakiki ni mbovu?

JIBU: Si mbovu, imejibu ulichoiuliza. Nimeyasoma masharti uliyoambatisha. La kwanza linataka pande mbili zinazokatana zisiwe kijani kwa pamoja. Taa zikiwa nyekundu siku zote, hilo linatimia bila jasho. La pili linasema kila kihisi kikigundua gari, upande huo hatimaye upate kijani. Hapo ndipo ulipoteleza: katika modeli, kihisi umekianzisha na sifuri, yaani hakuna gari, na hakuna mstari hata mmoja unaokibadilisha. Gari halikuja, basi ahadi haikuvunjwa. Ni sawa na kuapa kwamba kila mgeni aliyebisha hodi alifunguliwa, na hakuna aliyebisha.

Kiache kihisi kiwe sifuri au moja wakati wowote, kisha rudia. Sharti la pili likianguka, utapewa mfano pinzani unaoonyesha hatua kwa hatua taa zinapokwama. Halafu ongeza sharti la uongo kwa makusudi: "kihisi hakigundui gari kamwe." Programu ilikatae. Ikilikubali, modeli yako bado imekufa.

Barua za namna hii napokea nyingi, na nyingi zinachukulia neno "imethibitishwa" kama hirizi. Uthibitisho ni wa masharti uliyoyaandika, juu ya modeli uliyoichora, chini ya dhana ulizoziweka. Nje ya hapo hausemi kitu. Wabaya zaidi ni wanaoiachia zana isome msimbo (maagizo ya programu) na kujitungia masharti kutokana na msimbo huohuo. Msimbo ukikosea kujumlisha, sharti nalo litabeba kosa lile lile, na uthibitisho utapita vizuri kabisa! Huo ni mtihani uliosahihishwa na mtahiniwa.

Dhana nazo huchacha. Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliharibika angani sekunde 40 hivi baada ya kuruka, ikiwa na msimbo uliorithiwa kutoka Ariane 4. Namba ya biti 64 iliyohusu kasi ya mlalo ilisukumwa kwenye nafasi ya biti 16, ambayo haipokei zaidi ya 32,767. Kwa njia aliyopita Ariane 4 namba isingefika huko, na waliokagua zamani hawakukosea. Roketi ndiyo iliyobadilika.

Wauzaji wa uhakiki wa kubofya kitufe kimoja huwa nawaomba orodha ya masharti na dhana zao. Wa mwisho alinitumia kipeperushi.