Tulipu za zambarau hazionekani kwenye tuta, na mwaka wa pili majani matupu

Mkuu, umeuliza mawili, kwamba tulipu zako za zambarau zilichanua ila ukisogea mbali kidogo huzioni, halafu msimu huu zimetoa majani tu. Mi nazipanda kila mwaka kwenye tuta la pembeni ya uzio kwa hiyo naongea ninachokiona.

La kwanza ni rangi tu. Zambarau iliyokolea inamezwa na udongo na kivuli, hasa aina ya Queen of Night ambayo watu wanaiita nyeusi ila juani unaona kabisa ni zambarau iliyoiva. Inataka jirani mweupe au mwenye rangi kali, mi naichanganya na tulipu nyeupe ya White Triumphator au Ballerina ya chungwa, na hapo sasa zambarau ndo inajitokeza. Usipange mstari kama wanafunzi paredi, weka mafungu ya vitunguu vya tulipu (kile kiazi cha ua unachopanda, si vya kula) kumi hivi, tena upande ambao jua la asubuhi au jioni linapita nyuma ya petali, yaani zinawaka. Kama hutaki kuchanganya rangi chukua aina za Negrita au Purple Prince, hizo hazijakolea sana, na Purple Prince inawahi kuchanua.

Majani matupu sasa. Kitunguu kikishachanua kinagawanyika vitoto vidogo ambavyo havina nguvu ya kutoa ua, na hizi za kisasa nyingi ndo tabia yake. Mi nang'oa napanda vipya, sina muda wa kubembeleza. Ukitaka kujaribu kuzitunza, kata kichwa cha ua likinyauka ila majani yaache mpaka yawe ya njano, wiki 6 hivi, maana ndo yanalisha kitunguu. Na panda chini sana, sentimita 15 mpaka 20, maji yasituame.

Kwa walioko kaskazini mwa dunia subirini Novemba udongo upoe, ugonjwa wa ukungu unapungua. Kwa walioko sehemu za joto, vitunguu vikae kwenye friji wiki 12 mpaka 16 kabla ya kupanda, ila msiviweke na matofaa au matunda mengine, gesi ya matunda inaua ua likiwa bado ndani.

Kindi wakisumbua tandika waya wa kuku juu ya udongo, toa machipukizi yakianza kutokeza. Na vaa glavu, utomvu wa vitunguu unawasha vidole vibaya.